Kaunti za kale na majimbo ya leo: kwa nini ramani ya ubunge ya Uingereza haitulii

Mashariki mwa London unapita mto Lea, mto usio mpana, ambao kwa karne nyingi ulikuwa mpaka kati ya kaunti ya Middlesex na kaunti ya Essex. Bow iko magharibi yake, upande wa Middlesex. Stratford iko mashariki, upande wa Essex. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 4, 2024, watu wa Bow na watu wa Stratford walimchagua mbunge mmoja, kwa kuwa ramani mpya ya majimbo ilikuwa imeuvuka mto na kuunda jimbo liitwalo Stratford and Bow.

Kisheria hapakuwa na kosa lolote. Hata hivyo wapo Waingereza ambao ramani ya namna hii inawauma kweli. Wanasema majimbo ya ubunge yachorwe upya ndani ya mipaka ya kaunti za kale, zile zilizokuwapo kabla ya halmashauri za leo, na kwamba jimbo lisivuke mpaka wa kaunti kama hapana sababu kubwa ya kufanya hivyo. Ukiwasikiliza juu juu unaweza kudhani ni mapenzi ya mambo ya zamani tu. Mimi naona wana hoja yenye uzito, na pia naona mahali inapokwama. Ili kuelewa yote mawili inabidi tuanze na hizo kaunti zenyewe.

Kaunti ipi?

Msomaji wa Kenya akisikia kaunti anamwona gavana, bunge la kaunti, bajeti na makao makuu. Kaunti ya kale ya Uingereza haina hata kimoja kati ya hivyo. Haina ofisi, haina mtumishi, haina kodi. Imebaki kwenye ramani za zamani, kwenye timu za kriketi, kwenye majina ya magazeti, na kwenye vinywa vya watu wanaosema "mimi ni wa Lancashire" ingawa barua za halmashauri yao hazitaji Lancashire popote.

Kwa hesabu ya watetezi wake kaunti za kale ni 92: England 39, Wales 13, Scotland 34 na Ireland ya Kaskazini 6. Nyingi za England zilianza kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066. Juu ya ramani hiyo zikaja kuwekwa nyingine. Sheria ya mwaka 1888 iliunda mabaraza ya kaunti na kuzipa baadhi ya kaunti mipaka ya kiutawala isiyolingana kabisa na ile ya zamani. London, kwa mfano, ilifanywa kaunti ya peke yake kwa kumegewa vipande vya Middlesex, Surrey na Kent. Mwaka 1965 Middlesex ikafutwa kabisa kiutawala, sehemu kubwa ikamezwa na London Kuu. Kisha likaja badiliko kubwa kuliko yote, la Aprili 1, 1974. Siku hiyo zilianza kazi Greater Manchester, Merseyside, Humberside, Avon, Cleveland na nyingine ambazo jana yake hazikuwapo. Rutland ikaingizwa Leicestershire. Bournemouth ikatoka Hampshire ikaenda Dorset. Huko Uffington kuna mchoro mkubwa sana wa farasi mweupe uliochongwa mlimani tangu zama za kale, na watu wa Berkshire walikuwa wameufanya alama yao. Siku hiyo farasi akahamia Oxfordshire pasipo kusogea hata hatua moja.

Ipo na aina ya tatu, kaunti za sherehe, ambazo kila moja ina mwakilishi wa mfalme anayepokea wageni na kutoa nishani. England ina 48 za aina hiyo. Hizi tuziweke kando, maana hazihusiki na ubunge, lakini ni vizuri kujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mkazi wa kaunti tatu tofauti kwa wakati mmoja, kutegemea anaulizwa na nani.

Mwaka 1974 serikali yenyewe ilisema kwamba mipaka mipya ni ya kiutawala tu, na kwamba haikusudiwi kubadili mahali ambapo watu wanajihisi ni pao. Kauli hiyo imekuwa silaha ya watetezi hadi leo. Chama chao kinachojulikana zaidi, Association of British Counties, kilianzishwa mwaka 1989, na hoja yake ya msingi ni kwamba kaunti hazikuwahi kufutwa: zilizofutwa ni halmashauri.

Mbunge alianza kuwa mtu wa kaunti

Hapa ndipo hoja yao inapopata mizizi. Mwaka 1265 Simon de Montfort alipoitisha bunge lake, alitaka kila kaunti ilete wawakilishi wawili wenye cheo cha "knight", yaani makabaila wapiganaji, na miji teule ilete wawakilishi wake. Utaratibu huo ukawa desturi. Kwa zaidi ya miaka 500 mbunge wa Norfolk aliitwa hivyo kwa sababu alitumwa na Norfolk kama jamii moja yenye mahakama yake, mkuu wake wa sheria na wanamgambo wake. Hakuna aliyehesabu vichwa.

Na kwa kuwa hakuna aliyehesabu vichwa, matokeo yake yalikuwa mabaya. Rutland, kaunti ndogo kuliko zote za England, ilikuwa na wabunge wawili. Yorkshire, kubwa kuliko zote, ilikuwa na wawili vilevile, hadi mwaka 1826 ilipoongezewa wengine wawili walionyang'anywa mji mdogo wa Grampound huko Cornwall kwa sababu ya rushwa. Kwa upande wa miji hali ilikuwa mbaya zaidi: Old Sarum, kilima ambacho hakikuwa na mji tena, kilipeleka wabunge wawili, huku Manchester yenye viwanda na watu tele haikuwa na wake hata mmoja.

Scotland walikuwa na utaratibu ambao bado unanishangaza. Baada ya muungano wa mwaka 1707, kaunti sita ndogo zilipangwa mbilimbili, na kila jozi ikagawana kiti kwa zamu: bunge hili linachagua kaunti moja, bunge lijalo nyingine. Buteshire, visiwa vya magharibi, iliwekwa pamoja na Caithness iliyoko ncha ya kaskazini. Hazikupakana wala kukaribiana. Mtu wa Caithness angeweza kukaa miaka saba bila mbunge wake, akingoja zamu. Kaunti iliheshimiwa kikamilifu. Aliyeumia ni mwananchi.

Mageuzi ya mwaka 1832 yalifuta miji 56 ya aina ya Old Sarum na kuanza kuzigawa kaunti kubwa. Sheria ya mwaka 1885 ikaleta mfumo unaofanana na wa leo, wa jimbo moja mbunge mmoja kwa sehemu kubwa ya nchi. Mwaka 1944 ndipo zilipoundwa tume nne za kudumu za mipaka, moja kwa kila nchi ya muungano: England, Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini.

Tume hizo zilipewa kanuni, na moja ilisema kwamba, kadiri inavyowezekana, jimbo lisichanganye sehemu za kaunti mbili. Kanuni hiyo ilidumu katika sura mbalimbali hadi mwaka 2011. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu wa karne ya 20 kaunti ilitangulia, hesabu ikafuata. Kisiwa cha Wight kiliachwa jimbo moja lenye wapiga kura zaidi ya 100,000, wakati huko Wales yalikuwapo majimbo yenye kama 40,000. Ila tuangalie vizuri: kaunti zilizokuwa zikilindwa na kanuni hiyo zilikuwa zile za kiutawala za wakati husika. Za kale zilinufaika tu pale mipaka yao ilipolingana na ya kiutawala, na baada ya mwaka 1974 sehemu nyingi hazikulingana tena.

Hesabu ilipopanda juu

Mwaka 2011 Bunge liligeuza mpangilio huo, na sheria ya mwaka 2020 ikaukamilisha. Sasa kila jimbo lazima liwe na idadi ya wapiga kura iliyo karibu na wastani wa nchi nzima, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 5. Katika mapitio yaliyokamilika mwaka 2023 wastani ulikuwa 73,393, kwa hiyo jimbo halali lilikuwa na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Majimbo matano tu, yote ya visiwa, yamesamehewa: mawili ya Kisiwa cha Wight, moja la Ynys Môn huko Wales, na mawili ya visiwa vya Scotland, Orkney and Shetland na Na h-Eileanan an Iar. Haya matano hayahesabiwi hata katika kutafuta wastani. Jumla ya wapiga kura wengine wote hugawanywa kwa 645.

Tume ikishatimiza hesabu ndipo inaruhusiwa kutazama mengine: jiografia, mipaka ya halmashauri za sasa, mipaka ya majimbo yaliyokuwapo, na mafungamano ya wenyeji. Kaunti za kale hazitajwi. Anayetaka kuzitetea mbele ya Tume hana budi kupitia mlango huo wa mwisho, wa mafungamano ya wenyeji, na wengi wamefanya hivyo katika maoni yao kwa Tume.

Sasa tuichukue hoja ya kaunti za kale tuipime kwa kanuni hii ya asilimia 5, kwa sababu hapa ndipo mjadala mwingi unapopotea. Kaunti yenye wapiga kura 75,000 inatosha jimbo moja. Yenye 150,000 inatosha majimbo mawili. Lakini yenye 100,000 haitoshi chochote: ukiifanya jimbo moja imezidi, ukiigawa mara mbili kila nusu imepungua. Kati ya 77,062 na 139,448 hakuna kaunti inayoweza kujitegemea. Pengo la aina hiyo lipo pia kati ya majimbo mawili na matatu, kati ya matatu na manne, na kuendelea, ila kila mara linazidi kuwa jembamba. Linafungika kabisa ukifika kama mara tisa na nusu ya wastani, yaani wapiga kura karibu 697,000. Kaunti iliyovuka hapo, iwe na idadi yoyote ile, inaweza kugawanywa majimbo yaliyo halali yote bila kuazima mtu kwa jirani.

Hiyo ni habari njema kwa watetezi wa kaunti za kale, na nashangaa kwamba hawaisemi kwa sauti kubwa zaidi. Lancashire ya kale ina Liverpool ndani yake, ina Manchester, ina Bolton na Blackpool. Yorkshire ya kale inaanzia bandari ya Hull hadi milima ya Pennine. Middlesex, Essex, Kent na Surrey za kale zinagawana sehemu kubwa ya London. Hizi zote zimevuka kizingiti kwa mbali. Kwa hesabu tupu, jimbo la Stratford and Bow halikuwa la lazima: ungeweza kuipanga Middlesex peke yake na Essex peke yake, na mto Lea ukabaki mpaka.

Taabu iko kwa wadogo. Rutland kwa sensa ya mwaka 2021 ilikuwa na watu kama 41,000, watoto wakiwemo. Haifiki hata karibu. Na ukweli ni kwamba Rutland haijawahi kuwa na mbunge wake peke yake tangu mwaka 1918. Hata chini ya kanuni zilizotanguliza kaunti ililazimika kuunganishwa na Stamford ya Lincolnshire hadi mwaka 1983, na mwaka 2024 jimbo la Rutland and Stamford likarudi, safari hii likiwa na kipande cha Leicestershire pia. Huko Scotland na Wales, kaunti kama Kinross-shire, Nairnshire na Radnorshire zina watu wachache zaidi kuliko jimbo linavyodai. Kwa hiyo anayesema "kila jimbo ndani ya kaunti yake" anasema jambo linalowezekana kwa baadhi ya kaunti na lisilowezekana kwa nyingine, sheria ikibaki ilivyo. Lililo sahihi kusema ni kwamba kaunti ndogo zingewekwa kwenye makundi, na makundi hayo yakawa fremu ya nje.

Saddleworth

Lakini hesabu ikikubali, je, maisha yanakubali? Twende Saddleworth, kwa sababu hakuna mahali panapoonyesha ugumu huu vizuri zaidi.

Saddleworth ni kundi la vijiji vilivyoko upande wa magharibi wa milima ya Pennine. Kwa kaunti za kale ni Yorkshire, tena bila ubishi. Agosti 1, siku ya Yorkshire, husherehekewa huko kwa nguvu kuliko sehemu nyingi zilizo Yorkshire hadi leo. Lakini mto wake, Tame, unateremka magharibi. Mji mkubwa wa karibu ni Oldham, na nyuma yake Manchester. Kwenda upande wa pili, kwa Yorkshire wenzao, lazima upande nyika ya Standedge, mahali ambapo wachimba mfereji mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 walilazimika kutoboa mlima kwa zaidi ya kilomita 5, njia ya chini kwa chini ya mfereji iliyo ndefu kuliko zote Uingereza, ndipo mashua za Huddersfield zikaweza kupita.

Mwaka 1974 Saddleworth iliwekwa chini ya halmashauri ya Oldham, ndani ya Greater Manchester. Ubunge ulichelewa kufuata. Hadi mwaka 1983 wakazi wake waliendelea kupiga kura katika jimbo la Colne Valley, ng'ambo ya mlima, kama walivyofanya tangu mwaka 1885. Kwa miaka tisa diwani wao alikuwa wa upande huu na mbunge wao wa upande ule. Leo wako katika jimbo la Oldham East and Saddleworth.

Mpigania kaunti za kale atataka warudishwe Colne Valley. Historia iko upande wake. Lakini mfikirie mkazi mwenye shida ya nyumba. Nyumba za halmashauri ziko chini ya Oldham. Shule ya mtoto wake iko chini ya Oldham. Akienda kwa mbunge ambaye jimbo lake kubwa liko Huddersfield, mbunge huyo itabidi ashughulike na halmashauri mbili za mikoa tofauti kwa kila jambo. Kazi kubwa ya mbunge wa Uingereza siku za Ijumaa ni kukaa na wananchi jimboni na kuwaandikia barua wakuu wa halmashauri, na barua hiyo lazima iwe na anwani. Kaunti ya kale haina anwani.

Kuna ugumu mwingine ulio chini zaidi, kwenye matofali ya ujenzi. Tume ya England haichori mistari juu ya karatasi tupu. Huunganisha kata za halmashauri. Kata hizo huchorwa na chombo kingine kabisa, kwa ajili ya udiwani, na hazijali kaunti za kale. Todmorden ni mfano mzuri. Mpaka wa kale wa Lancashire na Yorkshire ulipita katikati ya mji huo, na ukumbi wa mji uliofunguliwa mwaka 1875 ulijengwa juu ya kijito kilichokuwa ndio mpaka. Ukisimama mbele na kutazama juu unaona michongo ya pande mbili: upande mmoja wafanyakazi wa pamba, kazi ya Lancashire, upande wa pili kilimo na uhandisi wa Yorkshire. Sheria ya mwaka 1888 iliuweka mji wote Yorkshire, na kata za leo zinaichukulia Todmorden kama mji mmoja, jambo ambalo ndilo la akili. Kurudisha mpaka wa kale huko ni kuupasua mji na kuwapa watu wa mtaa mmoja wabunge wawili. Sidhani kuna mwenyeji anayelitaka hilo.

Tena, mpaka wa kale wa mwaka gani? Watetezi hupenda kuzungumza kana kwamba mipaka ilitulia tangu enzi za Wasaksoni. Haikutulia. Hadi mwaka 1844 kaunti nyingi zilikuwa na vipande vilivyotawanyika ndani ya kaunti nyingine, na ikabidi Bunge litunge sheria ya kuviunganisha na majirani zao. Halesowen kilikuwa kipande cha Shropshire kilichokaa mbali na Shropshire yenyewe. Dudley iliendelea kuwa kisiwa cha Worcestershire kilichozungukwa na Staffordshire pande zote, hata baada ya sheria hiyo. Cromartyshire ya Scotland ilikuwa vipande vipande ndani ya Ross-shire, hadi zikaunganishwa mwishoni mwa karne ya 19. Ukichagua ramani ya kabla ya 1844 unapata majimbo yasiyoshikana. Ukichagua ya baada yake, umekubali kwamba Bunge linaweza kubadili kaunti kwa ajili ya urahisi, na hapo hoja ya kwamba mabadiliko ya 1974 hayahesabiki inalegea kidogo.

Mto Tamar

Baada ya kusema hayo yote, kuna mahali ambapo mpaka wa kale una uzito ambao hesabu peke yake haiuoni. Ni Cornwall.

Mto Tamar umekuwa mpaka wa Cornwall na Devon tangu karne ya 10. Cornwall ina lugha yake, ndugu wa Kiwelshi na Kibretoni, ina bendera yake, na mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliwatambua watu wake kuwa jamii ya wachache wa kitaifa chini ya mkataba wa Baraza la Ulaya. Kanuni ya asilimia 5 ilipotungwa, pamoja na nia ya kupunguza wabunge hadi 600, hesabu ilionyesha kwamba lazima jimbo moja livuke Tamar. Wenyeji wakalipachika jina la dhihaka, Devonwall. Mwaka 2010 mamia ya watu waliandamana Saltash, mji ulio ukingoni mwa mto huo. Waziri mkuu wa wakati ule, David Cameron, alijibu kwamba huo ni mto Tamar, siyo Amazon. Maneno hayo hayakusahaulika Cornwall.

Mapitio mawili yaliyopendekeza jimbo hilo hayakutekelezwa, la kwanza kwa ugomvi wa vyama vilivyokuwa serikalini, la pili kwa kukosa kuungwa mkono bungeni. Wabunge walipoachwa 650 kwa sheria ya mwaka 2020, hesabu ikaipa Cornwall majimbo sita kamili na mpaka ukaokoka. Uliokoka kwa bahati. Hakuna kifungu kinachoulinda, na idadi ya watu ikibadilika kidogo tu mjadala utafufuka. Wakati huohuo, ng'ambo, Devon imeshaunganishwa na Somerset katika jimbo la Tiverton and Minehead, na Norfolk na Suffolk zinachangia Waveney Valley.

Hapa ndipo naona kanuni ya asilimia 5 imekuwa kali kupita kiasi. Usawa wa kura ni haki, na Old Sarum na zamu za Caithness zinatukumbusha kwa nini. Lakini kuna tofauti kati ya jimbo linalozidi jingine mara tatu na jimbo linalozidi kwa watu elfu chache. Kanuni ingelegezwa hadi asilimia 10, pengo lile la hesabu lingefungika mapema zaidi: kaunti yenye wapiga kura kama 330,000 tu ingeweza kujitegemea daima, badala ya 697,000. Kamati ya Bunge iliyoshughulikia katiba ilipendekeza asilimia 10 mwaka 2015. Mwaka 2020 Baraza la Malordi lilipitisha asilimia 7.5, wabunge wakaikataa.

Kenya, iliyorithi mfumo huuhuu wa jimbo moja mbunge mmoja, ilichagua njia pana zaidi. Kifungu cha 89 cha katiba ya mwaka 2010 kinaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko, na kinataja waziwazi mafungamano ya kihistoria, kiuchumi na kitamaduni miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Kwa macho yangu asilimia 40 ni nyingi mno. Hata hivyo katiba hiyo imeliandika neno historia mahali ambapo sheria ya Uingereza haikuliandika.

Halmashauri nazo hazitulii

Watetezi wa kaunti za kale wana hoja moja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Tume huambiwa izingatie mipaka ya halmashauri, lakini mipaka hiyo hubadilika kila mara. Humberside, Avon na Cleveland zilizoanza mwaka 1974 zilikuwa zimefutwa kufikia mwaka 1996, zikiwa na umri wa miaka 22 tu. Rutland ilipata tena halmashauri yake mwaka 1997. Cumbria, iliyoundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Cumberland, Westmorland na vipande vya Lancashire na Yorkshire, ilipoteza baraza lake mwaka 2023, na mahali pake pakaja halmashauri mbili zinazoitwa, tazama, Cumberland na Westmorland and Furness. Desemba 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuondoa ngazi mbili za halmashauri mahali zilipobaki England, kwa hiyo ramani ya utawala itachorwa tena.

Fremu inayobomolewa kila baada ya miaka ishirini hailipi jimbo utulivu wowote. Kaunti ya kale, pamoja na kasoro zake zote, haina serikali inayoweza kuifuta. Ndiyo maana naiona inafaa kuwa fremu ya nje: Tume ianze kwa kuweka Cornwall peke yake, Lancashire peke yake, kaunti ndogo kwenye makundi yanayojulikana na yasiyobadilishwa kila mapitio, halafu ndani ya fremu hiyo itumie kata na halmashauri kama inavyofanya leo. Mahali ambapo mpaka wa kale unapasua mji, kama Todmorden, au unawatenga watu na huduma zao, kama Saddleworth, mpaka wa leo utangulie. Kwa hili wale wanaotaka kila mstari wa zamani ufuatwe hawatafurahi, lakini sioni namna nyingine ya kumtendea haki mkazi wa huko.

Mabaki ya mfumo wa kale hayajaondoka, kwa kweli. Hadi leo kila jimbo huandikwa ama la kaunti ama la mji, na mgombea wa jimbo la kaunti anaruhusiwa kutumia fedha nyingi zaidi kwa kila mpiga kura, kwa sababu ya umbali. Majina nayo yamebaki: Fermanagh and South Tyrone, Montgomeryshire and Glyndŵr, North Down.

Ripoti zinazofuata za tume zote nne zinatakiwa kabla ya Oktoba 1, 2031, na zikishakamilika Bunge halina tena nafasi ya kuzikataa. Sheria ya mwaka 2020 iliondoa kura hiyo. Kabla ya hapo wastani wenyewe unaweza kubadilika, kwani Julai 2025 serikali ilitangaza nia ya kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16. Kwa anayeitetea Cornwall au Middlesex, nafasi iliyobaki ni mbili: kuwabana wabunge wailegeze asilimia 5 kabla mapitio hayajaanza, au kungoja rasimu ya Tume itoke na kuandika maoni kata kwa kata, akionyesha watu wa upande huu wa mto wananunua wapi, wanatibiwa wapi, na wanazikana wapi.